Ardhi Iliyokazwa: Mkazo wa Awali na Safari ya Mawimbi Chini ya Kasulu na Kibondo

Tarehe 5 Desemba 2005, saa tisa na dakika kumi na tisa alasiri, mwamba ulikatika chini ya Ziwa Tanganyika, kusini mwa Kigoma. Tetemeko hilo lilikuwa na ukubwa wa 6.8. Upande wa Kongo, mji wa Kalemie ulizika watu na kupoteza nyumba, na mtikisiko ulisikika hadi Nairobi. Ukipima kwenye ramani, Kasulu iko kilomita zipatazo 185 kaskazini mwa kitovu, na Kibondo zipatazo 310. Kwa kasi ya kawaida ya mawimbi ndani ya miamba, wimbi la kwanza huhitaji kama nusu dakika kufika Kasulu. La pili, ambalo ndilo hasa hutingisha kuta, hufuata baada ya sekunde kama 20. Kibondo, pengo kati ya mawimbi hayo mawili hupita sekunde 30.

Hesabu ya namna hii hufundishwa vyuoni, na kwa kazi nyingi inatosha. Lakini ndani yake mna dhana isiyotajwa sana, kwamba mwamba ulikuwa umepumzika kabla ya wimbi kupita. Haukuwa umepumzika. Ardhi ya nyanda za juu za Kigoma, iliko miji hiyo miwili, inagandamizwa na uzito wake yenyewe, na papo hapo inatanuliwa mashariki na magharibi na tawi la magharibi la Bonde la Ufa, tawi ambalo sakafu yake imeshuka kiasi cha kulipa Ziwa Tanganyika kina cha mita 1,470. Tetemeko lenyewe ni ushahidi wa mkazo uliokuwapo tangu kale, kwa kuwa mwamba usiokazwa haukatiki. Basi kila wimbi linalotoka chini ya ziwa kwenda Kasulu linapita katika kitu kilichokwisha kubanwa na kuvutwa. Wanafizikia huuita mkazo huo mkazo wa awali, yaani ule uliokuwapo kabla wimbi halijaleta wake.

Je, mkazo wa awali hubadilisha kasi ya wimbi? Kwa kiasi gani? Na tukilisikiliza wimbi vizuri, tunaweza kuusoma mkazo huo bila kuchimba? Nitangulize hukumu yangu ili msomaji ajue ninakoelekea. Mkazo wenyewe, katika kitu kigumu kisicho na nyufa, hubadilisha kasi kidogo mno. Katika mwamba halisi wenye nyufa hubadilisha sana, kwa sababu unazifunga na kuzifungua. Haya ni majibu mawili tofauti ya swali moja, na sehemu kubwa ya mkanganyiko katika taaluma hii inatokana na kuyachanganya.

Tuanze na mawimbi yenyewe. Ndani ya kitu kigumu hupita mawimbi ya aina mbili. La kwanza, P, husukuma na kuvuta chembe za mwamba kwenye mstari uleule linaokwenda. La pili, S, huzipeleka chembe kando, pembemraba na njia yake. Katika itale nzima P huenda kama kilomita 6 kwa sekunde na S kama 3.5. Kasi hutokana na mambo mawili: ugumu wa mwamba, yaani jinsi unavyopinga kubadilishwa umbo, na densiti yake. Ukizidisha densiti ya itale, kilo 2,700 kwa mita ya ujazo, kwa mraba wa kasi ya S, unapata ugumu wa gigapaskali 33. Kumbuka namba hiyo, maana kila mkazo tutakaoutaja hapa utapimwa dhidi yake.

Wengi wanapoanza kulifikiria jambo hili hukimbilia ngozi ya ngoma. Mpigaji huisogeza ngoma karibu na moto, ngozi inakazika, sauti inapanda. Mkazo umeongezeka na mawimbi ya ngozi yamekwenda kasi zaidi. Mfano huu ni wa kweli, ila unapotosha usipowekewa mpaka. Ngozi iliyolegea haina ugumu wa kutosha kujirudisha inapobonyezwa, kwa hiyo karibu nguvu yote inayoirudisha hutoka kwenye mkazo. Mwamba ni kinyume chake. Una gigapaskali 33 za kwake, ambazo hazikukopwa kwa mkazo wowote. Mkazo unaoweza kuukata mwamba wa juujuu ni makumi ya megapaskali, au mamia machache, yaani chini ya sehemu moja kwa mia ya ugumu ule. Kwenye ngozi mkazo ndio mwenye nyumba. Kwenye mwamba ni mgeni.

Hesabu za mgeni huyo zina historia ndefu. Cauchy alikwisha kuandika milinganyo ya miili iliyokazwa mnamo miaka ya 1820. Baadaye Lord Rayleigh mwaka 1906, na Augustus Love katika kitabu chake cha 1911 kuhusu mienendo ya dunia, walikumbana na tatizo lisilokwepeka, kwamba dunia inabanwa na uzito wake kwa kiasi kikubwa hata haiwezekani kuihesabu kama mpira uliolegea. Aliyelipa jambo hili sura yake ya leo ni Maurice Biot, Mbelgiji aliyefanya kazi zaidi Marekani. Mwaka 1940 alichapisha makala juu ya athari za mkazo wa awali kwa mawimbi, na mwaka 1965 akazikusanya fikra zake katika kitabu kizima kuhusu mabadiliko madogo ya umbo yanayoongezwa juu ya mkazo mkubwa. Biot alionyesha kwamba mkazo wa awali hauingii tu kwa kubadilisha ugumu wa kitu. Wimbi linapokizungusha kipande kidogo cha mwamba, mkazo uliokuwapo huzungushwa pamoja nacho, na kuzungushwa huko kwenyewe huzaa nguvu mpya. Hakuna jedwali la ugumu wa mawe litakalokuonyesha nguvu hiyo.

Kutokana na fikra hiyo linapatikana tokeo ambalo kwangu mimi ndilo zuri kuliko yote katika somo hili. Chukua mielekeo miwili iliyo pembemraba, tuseme kaskazini na mashariki, na tuchukulie kwamba ndiyo mielekeo mikuu ya mkazo. Peleka wimbi la S kaskazini huku chembe zikicheza mashariki na magharibi. Kisha peleka jingine mashariki huku chembe zikicheza kaskazini na kusini. Katika mwamba usiokazwa mawili hayo huenda kwa kasi ileile, hata kama mwamba una matabaka. Mkazo ukiwapo huachana, na tofauti ya miraba ya kasi zao, ikizidishwa kwa densiti, ni sawa na tofauti ya mkazo kati ya mielekeo hiyo miwili. Ni sawa kamili, na kanuni yenyewe haiulizi mwamba ni wa aina gani, una nyufa ngapi, wala una umri gani. Chi-Sing Man na W. Y. Lu waliieleza mwaka 1987 kama njia ya kupima mkazo uliobaki ndani ya vyuma, kwa sababu haihitaji kwanza kukata kipande na kukipeleka maabara.

Tuijaribu hapa kwetu. Bonde la Ufa linatanuka mashariki na magharibi, kwa hiyo mbano wa upande huo ni mdogo kuliko wa kaskazini na kusini. Tuseme tofauti ni megapaskali 100, kiasi kikubwa kwa makusudi. Kwa itale yetu, kasi za mawimbi yale mawili zitaachana kwa asilimia 0.15 tu. Katika safari ya kilomita 10, ambayo S huimaliza kwa sekunde 2.9, tofauti ni kama sehemu nne kwa elfu za sekunde. Wimbi la kutoka ziwani kwenda Kasulu likicheza mashariki na magharibi lingekuwa ndilo la polepole. Lakini ili kuipata tofauti hiyo ungehitaji kuujua mwamba wa njia nzima kwa usahihi ambao hakuna aliyewahi kuufikia popote duniani. Kanuni ni kamili, ila ardhi ni kubwa na saa zetu ni chache.

Kwenye vyuma mambo ni mepesi zaidi, na hapo ndipo nadharia ilipothibitishwa. Francis Murnaghan alikuwa ameonyesha mwaka 1937 kwamba kitu kigumu kikibanwa vya kutosha, ugumu wake wenyewe hubadilika, na kwamba kwa kitu kinachofanana pande zote mabadiliko hayo yanahitaji namba tatu za ziada. Mwaka 1953 D. S. Hughes na J. L. Kelly walizipima namba hizo kwa kupitisha mawimbi ya sauti isiyosikika katika chuma, kioo na plastiki iliyobanwa. Kwa chuma cha reli athari ni takriban sehemu moja kwa laki kwa kila megapaskali. Ni ndogo, ila inapimika.

Jambo hili linagusa Kigoma moja kwa moja. Reli ya kisasa inayokusudiwa kutoka Tabora hadi Kigoma, na tawi la kutoka Uvinza kwenda Musongati nchini Burundi, ni za aina ambayo vyuma vyake huunganishwa kwa kuchomelewa, bila mapengo ya kutanukia. Jua likikipasha chuma kwa nyuzi 20 zaidi ya joto alilokifungia fundi, nacho hakina pa kutanukia, kinapata mbano wa karibu megapaskali 48. Ukizidi mno reli hupinda na treni huanguka. Wimbi likipitishwa katika chuma hicho litaongeza kasi kwa takriban asilimia 0.06, na kwa hiyo lingeweza kuonya. Shida ni kwamba joto lenyewe hupunguza kasi ya wimbi kwa kama nusu mita kwa sekunde kwa kila nyuzi, yaani karibu asilimia 0.2 kwa nyuzi zile 20. Athari tunayoitafuta imefunikwa na nyingine iliyo mara tatu yake na inayoelekea kinyume. Mhandisi asiyepima joto la chuma sambamba na kasi ya wimbi atasoma reli iliyobanwa kana kwamba imevutwa.

Sasa turudi kwenye mwamba, kwa sababu ndiko lilikolala jibu la pili. Mwaka 1960 Francis Birch wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha vipimo vya kasi ya P katika mawe mengi yaliyobanwa hadi megapaskali 1,000. Karibu kila jiwe lilionyesha tabia moja. Mwanzoni kasi hupanda haraka sana, kisha baada ya megapaskali mia moja au mia mbili hupanda polepole tu. Nadharia ya kitu kisicho na nyufa haiwezi kueleza mpando ule wa mwanzo. Kinachoueleza ni nyufa ndogo ndogo, nyingine nyembamba kuliko unywele, zilizojaa kwenye kila jiwe la kawaida. Ufa mwembamba hauchukui nafasi, lakini hulegeza jiwe sana, na mbano mdogo unatosha kuufunga. Nyufa zikiisha kufungwa, jiwe hubaki na ugumu wa madini yake, na hapo mkazo hurudi kuwa mgeni.

Amos Nur na Gene Simmons walisonga mbele hatua moja mwaka 1969. Badala ya kulibana jiwe la itale pande zote, walilibana upande mmoja. Nyufa zilizolala pembemraba na mbano zilifungwa na zile zilizolala sambamba nao zikabaki wazi. Jiwe lililokuwa karibu sawa pande zote likawa na kasi tofauti kila upande. Zaidi ya hayo, wimbi la S lililoingia lilitoka likiwa mawili: moja likicheza sambamba na nyufa, lenye kasi, na jingine likizikata, la polepole. Kuanzia miaka ya 1980 Stuart Crampin na wenzake walianza kuona mgawanyiko huohuo katika matetemeko halisi, kwanza kaskazini mwa Uturuki. Katika ganda la juu la dunia tofauti ya kasi kati ya mawimbi hayo pacha mara nyingi ni kati ya asilimia 1 na 4. Linganisha na asilimia 0.15 ya hesabu yetu ya awali. Nyufa zinapaza sauti ya mkazo kati ya mara saba na ishirini na saba hivi.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba mkazo hauathiri mawimbi, muulize kama anazungumzia fuwele au mwamba. Na akikuambia unaathiri sana, muulize swali hilohilo.

Hapa lazima nilalamikie sehemu ya maandishi ya fani yetu. Kuna makala nyingi mno za kihisabati zinazochora kasi ya mawimbi ya Love na ya Rayleigh, yaani yale yanayosafiri karibu na uso wa ardhi, katika matabaka yenye mkazo wa awali, kisha zinapandisha mkazo hadi robo, hata nusu, ya ugumu wa mwamba, na kuhitimisha kwamba athari ni kubwa na ina maana kwa matetemeko. Nusu ya ugumu wa itale ni zaidi ya gigapaskali 16. Mbano sawa wa pande zote unaweza kufikia kiwango hicho kwa kina cha mamia ya kilomita, lakini tofauti ya mkazo baina ya mielekeo, ambayo ndiyo inayoingia kwenye milinganyo ile, haiwezi. Mwamba ungekuwa umevunjika zamani. Michoro hiyo ni sahihi kihesabu na haielezi mahali popote chini ya miguu yetu. Ingekuwa na kazi katika vitu laini, mpira au misuli ya mwili, ambavyo mkazo wake hulingana na ugumu wake. Mwanafunzi wetu wa shahada ya uzamili anayetafuta mada asipewe mlinganyo mwingine wa aina hiyo bila kuulizwa kwanza thamani ya mkazo ameitoa wapi.

Tukiyapeleka haya kwenye ardhi ya Kasulu na Kibondo, nadharia ya nyufa inatupa utabiri ulio wazi. Mvutano ni wa mashariki na magharibi, kwa hiyo nyufa zinazobaki wazi ni za wima zinazoelekea kaskazini na kusini. Wimbi la S linalopanda karibu wima kutoka tetemeko la chini linapaswa kugawanyika, na pacha wa mbele acheze kaskazini na kusini. Kama mkazo haubadiliki, kila kituo cha nyanda hizi kingeonyesha karibu mwelekeo huohuo.

Lakini ardhi hii haikuanza jana. Sehemu kubwa ya nyanda hizi imelala juu ya mawe ya mchanga, mawe ya udongo, dolomiti na lava za Gagwe, mawe yenye umri wa karibu miaka milioni 800. Yamelala kwa matabaka, na tabaka lenyewe hugawa mawimbi hata bila mkazo. Kusini kuna ukanda wa kale wa Ubende, ambao nyufa zake kuu zinaelekea kaskazini-magharibi na kusini-mashariki, na zimekuwa zikifufuliwa mara kwa mara katika historia ya dunia. Chini zaidi, katika miamba ya moto iliyo chini ya ganda, fuwele zenyewe zimelazwa na mtiririko wa kale, na wimbi linalotoka mbali huja likiwa limekwisha kugawanyika kabla halijafika kwetu. Kituo kinaposoma mgawanyiko, kinasoma jumla ya hayo yote. Kuyatenganisha kunahitaji matetemeko ya karibu yenye vina tofauti, na mengi.

Matetemeko hayo yapo, na eneo lenyewe limekwisha kuchunguzwa zaidi ya mara moja. Mradi wa PROBE wa Chuo Kikuu cha Duke, miaka ya 1983 na 1984, ulipitisha mawimbi ya kutengenezwa chini ya Ziwa Tanganyika na kuonyesha kwamba bonde limejengwa kwa mabonde ya upande mmoja yanayopokezana, moja likiegemea ufa wa mashariki, linalofuata wa magharibi. Mwaka 1994 hadi 1995 vipimamitetemo 20 vilisambazwa Tanzania, na kutokana navyo tukajua kwamba ganda la dunia chini ya kiini cha kale cha nchi lina unene wa kilomita 37 hadi 42. Mtandao mwingine uliowekwa kusini mwa ziwa mwaka 2014 na 2015 ulinasa matetemeko yanayotokea hadi kina cha kilomita kama 40, karibu na mwisho kabisa wa ganda. Tetemeko la Bukoba la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9 na lililoua watu wasiopungua 16, nalo lilikadiriwa kutokea kina cha kilomita 40.

Kina hicho ni fumbo kwa mada yetu. Kwa kilomita 40 mbano wa uzito pekee unapita megapaskali 1,000. Kwa vipimo vya Birch, nyufa zote zingekuwa zimefungwa, na wimbi lisingesikia mkazo isipokuwa ile asilimia ndogo ya awali. Ila kuna njia moja ya ufa kubaki wazi huko, nayo ni kujazwa kimiminika chenye mgandamizo wa juu kinachosukuma kuta zake kwa nje. Karl Terzaghi alionyesha katika utafiti wa udongo kwamba kinachouhusu udongo ni mkazo uliobaki baada ya kuondoa mgandamizo wa maji yaliyomo, na kanuni hiyo inafanya kazi kwa mwamba wenye nyufa pia. Kwamba vimiminika hutembea katika nyufa za eneo hili hakuhitaji mtambo kukuthibitishia. Chemchemi za maji ya chumvi za Uvinza, ambako watu wamekuwa wakichemsha chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, ni maji yaliyopita ardhini na kurudi juu. Yanatoka kina gani ni suala jingine, na singependa mtu ayatumie kueleza kilomita 40. Lakini mahali popote chini ya Bonde la Ufa ambapo wimbi la S linagawanyika sana kwenye kina kirefu, mtuhumiwa wa kwanza awe kimiminika: maji, gesi ya kaboni, au magma.

Upande mwingine wa swali unaonivutia zaidi ni wakati. Mpaka sasa tumeuchukulia mkazo kama kitu kilichosimama. Mwaka 2008 zilichapishwa tafiti mbili zilizobadilisha fikra hiyo, zote kutoka Parkfield, California. Fenglin Niu, Paul Silver na wenzao waliweka chombo cha kutoa mawimbi na cha kuyapokea ndani ya visima viwili, kina cha kama kilomita moja. Waliona muda wa safari ukibadilika kila hewa ya angani ilipobadilisha mgandamizo wake. Hewa tu, uzito mdogo kiasi hicho, ilisomeka ndani ya mwamba. Waliona pia muda ukibadilika saa kama 10 kabla ya tetemeko dogo moja na saa kama mbili kabla ya jingine. Matetemeko mawili hayatoshi kujenga utabiri, na yeyote anayeyauza kama utabiri anawadanganya watu. Florent Brenguier na wenzake, kwa upande wao, hawakuhitaji hata chombo cha kutoa mawimbi. Walitumia mitetemo isiyokoma ya bahari na upepo, wakaona kwamba baada ya tetemeko lililotokea hapo Septemba 2004 kasi ilishuka kwa asilimia 0.08 kisha ikajirudisha kwa miaka.

Njia hiyo ya pili inatufaa kuliko zote, kwa kuwa ni rahisi, na kwa kuwa sisi tuna mzigo wa asili unaobadilika mbele ya macho yetu. Maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda sana katika miaka ya hivi karibuni, yakafunika mitaa ya Bujumbura na mwambao wa Kigoma. Kila mita ya maji inaongeza kilopaskali 10 juu ya sakafu ya ziwa. Kila masika ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi hujaa, na kila kiangazi maji yake hupungua. Mizigo hii ni midogo mno kwa chuma na kwa fuwele. Kwa mwamba wenye nyufa ulio karibu na uso wa ardhi inatosha kusogeza kasi ya wimbi kwa kiasi kinachopimika. Anayejua uzito wa maji ya msimu, na anayepima mabadiliko ya kasi, anapata namba ambayo maabara haiwezi kumpa, yaani jinsi mwamba wa Kigoma hasa unavyoitikia mkazo. Akiipata namba hiyo ndipo anapoweza kuanza kusoma mikazo asiyoijua.

Niguse kwa ufupi madaraja, maana ndiko mkazo wa awali unakowekwa kwa makusudi. Katika zege lililokazwa kwa nyaya za chuma, kama ilivyo katika daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, nyaya huvutwa ili zege libaki limebanwa. Wahandisi wamebishana kwa miongo kama mtikisiko wa daraja unaweza kufichua iwapo nyaya zimelegea. Nadharia ya nguzo inayobanwa kutoka nje inasema mbano hupunguza kasi ya mtikisiko. Vipimo, kikiwamo cha Saiidi na wenzake mwaka 1994, vilionyesha kinyume: zege lililobanwa hutikisika haraka kidogo zaidi. Maelezo yanayonishawishi ni yaleyale ya Birch. Mbano umefunga nyufa ndogo za zege. Nguzo ya kitabuni haina nyufa, zege linazo.

Kwa hiyo, iwe chini ya Kasulu au ndani ya daraja, njia ya kuusikia mkazo ni kuzisikiliza nyufa, na nyufa husikika kwa S kuliko kwa P, kwa miaka kuliko kwa siku. Mitandao ya muda imetufundisha mengi, lakini huja na kuondoka, na mabadiliko ya msimu hayawezi kupimwa na kifaa kilichofungashwa baada ya mwaka mmoja na nusu.

Ombi langu kwa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania pale Dodoma, kwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwa halmashauri za Kasulu na Kibondo ni dogo. Vituo viwili vya kudumu, kimoja kila wilaya, vyenye kupima mielekeo yote mitatu ya mtikisiko na saa sahihi ya setilaiti, viwekwe kwenye uwanja wa chuo au shule yenye ulinzi na umeme wa jua, mbali kidogo na barabara ya malori. Takwimu zake ziwe wazi kwa yeyote, na kando ya kila kituo kiwepo kipimamvua. Tarehe ya tetemeko lijalo havitatupa. Vitatupa kipimo cha mkazo wa ardhi hii kwa namba zake yenyewe badala ya zile tunazoazima California, na kazi hiyo inawezekana kuanza masika yajayo.